Bastola Mbili na Kiti Kimoja

Jumatatu, 4 Machi 2024

Nimerudi Kindu kutoka kijiji cha Tunda. Mgongo umekwisha. Sisemi unauma. Kuumwa mgongo ni kwa watu ambao bado wana mgongo.

Velo, hii baiskeli ya bosi wangu Mama Marceline, ilijazwa mchele mpaka sikuona njia. Wanasema velo inabeba, mimi nasukuma. Uongo. Kwenye milima ninaibeba, kwenye miteremko inanivuta kama mbuzi. Njia yote nilikuwa nawaza kitu kimoja tu: kiti cha Sumaili. Kiti cha plastiki, cha buluu, mlangoni mwa depo, ghala la bidhaa la Mama, karibu na bandari. Mguu mmoja umevunjika, umefungwa kwa mpira. Sumaili ndiye mlinzi. Ana filimbi, ana fimbo, anakaa. Hiyo ndiyo kazi yake yote, kukaa! Jua likizunguka, naye anazungusha kiti. Mimi nina miaka arobaini na mitano na bado ninapigana mieleka na mteremko wa Kibombo.

Nimekuta habari mpya. Wezi wametoboa depo ya jirani. Mama ameogopa, ametafuta karatasi ya serikali, imepigwa muhuri: bastola moja, ikae depo. Kesho Ajida Okito ataleta mbili ili achague. Ajida ni mwanajeshi wa zamani, alikuwa fundi wa silaha kambini. Mama akasimama uani akauliza nani kati yetu anajua mambo ya bastola.

Mdomo wangu ulijibu kabla sijautuma. Nilisema, "Mama, bastola ninazijua tangu vita."

Ukweli, kwa kuwa hapa niko peke yangu: wakati wa vita nilibeba sufuria. Mwaka wa 1999 askari walinikamata kwetu, upande wa Lubero, nikitoka shambani na viazi. Wakala viazi, wakanipa sufuria. Nimevuka nazo pori lote mpaka hapa Kindu. Wao walikwenda zao, na sufuria zao. Mimi nilibaki. Bastola niliiona mara moja kwa karibu, tena kwa upande mbaya. Hiyo nitaandika siku nyingine.

Mama alifurahi. Yeye ni wa Butembo, milima ya baridi jirani na kwetu, ananiita mutoto wa kwetu. Akatangaza kwamba atakayempa sababu nzuri ndiye atakayevaa bastola, na anayevaa bastola ndiye mwenye kiti. Mwingine ataenda na velo ya Tunda.

Sumaili akakigeuza kiti chake kunielekea. Yeye ni mwenyeji wa hapa, tena alikuwa askari kweli, akarudishwa uraiani vita vilipokwisha. Akaniuliza, "Weye mutu wa baridi, bastola uliiona wapi? Ndani ya supu?"

Watu walicheka. Wacheke. Mimi nimekwisha kukaa kwenye kile kiti, mwili tu ndio haujafika.

Jumanne, 5 Machi

Ajida Okito amekuja na bastola mbili ndani ya taulo ya kuogea. Alitoa risasi zote, akatuonyesha kwamba ni tupu, akazilaza mezani. Nyeusi zote mbili. Kwangu ni mapacha.

Kumbe si mapacha. Ya kwanza ina kijiti cha chuma ubavuni. Ukikipandisha, kila kitu kinafungwa: unavuta kifyatulio, hakiendi. Ukikishusha, inapiga. Ajida anaiita ya sekirite, yaani ya usalama. Ya pili nayo ina kijiti pale pale, cha umbo lile lile, lakini kazi yake ni nyingine. Ile nyundo ndogo ya nyuma ikiwa imesimama tayari kupiga, unabonyeza kijiti na nyundo inalala bila risasi kutoka. Basi. Haikufunga kitu. Mtu akivuta kifyatulio kwa nguvu, mvuto mrefu na mzito, inapiga. Hiyo Ajida anaiita ya kushusha.

Akaniambia mimi mjuzi nijaribu. Nikashika ya pili. Nikabonyeza kijiti kama mtu aliyezoea. Nyundo ikalala: ta!

Nilijikuta chini ya meza. Wengine wote walikuwa bado wamesimama. Nilisema natafuta kifungo cha shati. Gauthier akasema shati langu halina vifungo tangu Krismasi. Huyu Gauthier ni mdogo wake Mama, ndiye pekee aliyebaki kwao. Kazi yake ni kuhesabu magunia. Kila siku baada ya chakula cha mchana anapotea, hakuna ajuaye anaenda wapi, na Mama hamkaripii sana. Mimi nikipotea kwenda chooni ananiita mara tatu.

Mama akataka sababu. Nilisema ya sekirite: mlinzi ni mtu, anaweza kusinzia, anaweza kuanguka, anaweza kujikuna, ile iliyofungwa haitamwonea mtu bure. Nilisema vizuri, hata mimi nilijisikiliza. Sumaili akasema ya kushusha. Maneno machache tu: mwizi hatakungoja utafute kijiti.

Mama aliniitikia kwa kichwa, akamwitikia na yeye. Atakata shauri Ijumaa, akitoka kwenye sikukuu ya wanawake. Bastola zimefungwa ndani ya kabati, pamoja na vitambaa vya Uholanzi.

Jumatano, 6 Machi

Mpango! Nimeufikiria nikipakua samaki wa chumvi. Sababu za Sumaili siwezi kuzishinda. Lakini mikono yake?

Nilimwendea Victorine, anayeuza kahawa na mandazi mbele ya depo. Nikamwomba anipikie kahawa nzito kuliko zote alizowahi kupika. Aliuliza ni ya kunywa au ya kupaka mashua. Nikamwambia afanye kazi yake. Nia: Sumaili anywe, mikono imtetemeke, nami nimwite Mama aje aone mikono ya mtu anayetaka bastola.

Ilibidi nihakikishe kama ni nzito kweli. Nikaonja. Ilionekana nyepesi. Nikaonja tena. Victorine akaongeza. Nikaonja ile ya kuongezwa.

Sumaili alikunywa kikombe chake chote, akashukuru, akasema Mungu anibariki, akalala kitini. Alikoroma! Mama alipofika, mtu aliyekuwa anatetemeka uani kama jani alikuwa mimi. Nilishindwa kushika hata kamba. Mama akaweka mkono kwenye paji la uso wangu. Akaagiza nipewe dawa ya malaria, akasimama hapo mpaka nikaimeza. Chungu! Victorine alijifunika uso kwa kitambaa cha mandazi, mabega yanarukaruka.

Usingizi sina. Nimekwisha kufagia nyumba. Ni chumba kimoja. Nimekifagia tena.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua tangu asubuhi, hakuna boti iliyopakuliwa. Tulijikuta mlangoni, mimi na Sumaili tu. Yeye kitini, mimi juu ya gunia. Nilimuuliza kwa nini anakazana hivyo na ya kushusha. Nilitaka nijue sababu yake nimpelekee Mama kabla yake. Hiyo ndiyo ilikuwa nia, naiandika kama ilivyo.

Akaniambia habari za rafiki yake Bakari. Vita, hapa hapa, ukingoni mwa mto, mwaka 2002. Bakari alikuwa na bastola ya sekirite, aliipenda, alikuwa anaipangusa kwa mafuta ya mawese. Siku hiyo mtu akatokea kwenye majani, karibu, kama kutoka kiti chake mpaka gunia langu. Bakari akawahi kuinua. Akavuta. Imefungwa. Akavuta tena. Bastola ya yule mwingine haikufungwa. Sumaili alisema Bakari alianguka kidole bado kinavuta. Alinionyesha kwa kidole chake mwenyewe, namna kilivyokuwa.

Nami nikamwambia yangu. Sijamwambia mtu. Nilikuwa nimeangusha sufuria ya maharage ya kapteni, yote, kwenye matope. Kapteni alikuwa amekunywa. Akatoa bastola, akanielekezea hapa, katikati ya macho, akavuta. Hakuna kitu. Alisahau kijiti. Aliigeuza akaitazama, kama mtu anayetazama simu isiyo na mtandao, nami nikaruka porini. Kesho yake njaa ilinirudisha. Alikuwa hakumbuki kitu. Akanipa sufuria nyingine.

Ndiyo maana ninataka ya sekirite. Si kwa ajili ya mwizi. Bastola yoyote inayokaa karibu nami, siku moja inaweza kuja kunitazama. Nataka anayeishika awe na kitu cha kusahau.

Mvua inapiga bati. Kisha Sumaili akaniuliza kama nimekula, akanikatia nusu ya muhogo wake.

Nilimwonea huruma mchana kutwa. Nilisema moyoni basi, abaki na kiti chake, ni mtu mwema. Kisha mvua ikakatika, boti ikaita, nikabeba gunia la kwanza. Mgongo ukanikumbusha. Huruma ilibaki pale juu ya gunia nililokalia.

Ijumaa, 8 Machi

Sikukuu ya wanawake. Mji mzima ni kitambaa kimoja. Mama Marceline alitoka amevaa kama bendera, akaandamana na wanawake wafanyabiashara, na mimi nyuma nikimshikia mwavuli. Huo ulikuwa mpango: kila hatua nimtilie neno la sekirite sikioni. Lakini fanfare, bendi ya tarumbeta, ilikuwa mbele yetu. Nilipiga kelele "Sekirite, Mama!" muziki ukakatika ghafla, na maneno yangu yakatoka peke yake. Polisi wawili wakaja mbio. Ikabidi Mama aeleze.

Alirudi depo viatu mkononi, akakaa kwenye kiti cha buluu. Hata yeye anakipenda! Akaagiza bastola zote mbili, tupu, akazijaribu mwenyewe mbele yetu. Ya sekirite: kidole gumba chake hakikuweza kupandisha kijiti. Akasukuma, akasukuma, ukucha ukakatika. Ukucha uliopakwa rangi jana kwa ajili ya sikukuu! Aliinuka, akaiweka mezani kama kitu kilichokufa. Ya kushusha: akabonyeza, ta, ikalala. Akasema ndiyo hii.

Hivyo ndivyo shauri lilivyokatwa. Si Bakari, si kapteni. Ukucha.

Sumaili akacheka kwa mara ya kwanza wiki hii. Nami nilikwisha kuanza kufikiria njia ya Tunda, ule mchanga baada ya Kibombo. Lakini Mama hakuwa amemaliza. Akasema bastola atavaa Thaddée, yaani mimi.

Sumaili akauliza kwa heshima kama Mama amekosea jina. Mama akasema hakukosea. Akasema hivi, nayaandika kama yalivyotoka: "Sumaili, weye unaijua sana. Muntu mwenye kujua sana anapiga risasi mbiombio. Huyu anaogopa. Nilimuona chini ya meza. Mwenye kuogopa hatapiga muntu ovyo."

Victorine alicheka mpaka mandazi yakaungua.

Sijali! Nimepata kiti. Kwa sababu mbaya, na bastola nisiyoitaka. Lakini kiti ni kiti.

Jumamosi, 9 Machi

Siku ya kwanza kitini. Asubuhi Sumaili alifunga chumvi na sabuni kwenye velo, akaniachia filimbi, hakuniachia fimbo. Nilimwelekeza namna ya kushuka mteremko wa Kibombo: aweke kipande cha kandambili kati ya tairi na chuma, akifunge kwa mpira wa ndani wa gurudumu, velo haitamkimbia. Aliitikia tu. Akaondoka bila kugeuka nyuma. Mgongo wake mnyoofu. Utapinda.

Nikakaa.

Nilikaa muda wa kumeza andazi moja. Kisha nikaanza kuisikia bastola, hapa tumboni, ndani ya mkanda. Ina risasi sasa. Haikufungwa. Hakuna kijiti cha kuifunga. Nikiinama, inanitazama chini. Nikiegemea, inatazama paja. Nilikaa miguu imeachana kama mtu aliyetahiriwa jana. Nzi alitua kwenye mkanda, sikuthubutu kumpiga. Nikasimama. Nikazunguka depo. Nikakaa. Nikasimama. Victorine akaniuliza kama kiti kina siafu.

Ajida alisema mvuto wake ni mrefu na mzito, haiwezi kuvutika bure. Mrefu kiasi gani? Mzito kama nini? Hakusema.

Jioni nilikuwa nimechoka kuliko siku za Tunda. Naapa. Kule angalau velo haiwezi kunipiga risasi.

Jumatatu, 11 Machi

Jana kanisani sikusikia hata neno. Nilikuwa ninawaza. Na jibu limekuja katikati ya sadaka!

Sisi wasukumaji hatuna breki. Breki ni kipande cha kandambili. Kila mtu barabarani anajua hivyo. Velo yenye magunia mazito inashuka mlima inalia, na kinachoizuia ni raba ya kiatu kilichochakaa. Sasa kama raba inazuia mchele, itashindwa na nyundo ndogo namna ile?

Nimekata kisigino cha kandambili yangu ya kushoto. Nimepunguza kwa kisu, nimekibana kati ya nyundo na chuma, nimekifunga kwa uzi wa mpira wa ndani, mizunguko mingi, fundo la Tunda lile lisilofunguka. Imekaa vizuri kabisa. Ina sekirite! Watu wa viwanda wanabishana kijiti hiki au kijiti kile, hawajawahi kusukuma velo.

Nimekaa kitini tangu asubuhi. Nimeegemea. Nimejikuna. Nimelala! Ajida Okito alipita kunisalimu, nikaweka kofia juu ya mkanda. Akasema anaona nimeizoea. Nikamwambia ni mambo ya vita, Ajida, mwili hausahau.

Mguu wa kushoto sasa uko chini kuliko wa kulia. Ni kitu kidogo.

Jumatano, 13 Machi

Leo sikunywa kahawa na bado usingizi sina.

Baada ya chakula cha mchana mvua kubwa ilishuka. Giza, bati linaunguruma, mtu hasikii hata mawazo yake. Maji yakaanza kupita chini ya mlango. Nikaingia depo kutazama mchele.

Ndani, nyuma ya magunia ya chumvi, gunia moja likasimama.

Likasimama, likatembea! Lina miguu. Mkononi lina kitu kirefu. Nikapiga kelele "Nani!" Mvua ikala kelele yangu. Nikapuliza filimbi, ikaingia maji. Gunia linakuja kwangu, kitu kile kirefu kimeinuliwa. Nikaona yule mtu aliyemuua Bakari akitoka kwenye majani. Naapa nilimwona.

Nikatoa bastola. Nikavuta, kwa mikono miwili. Ni kweli ni mrefu, ni kweli ni mzito, Ajida hakudanganya. Ule mpira ulivutika, nyundo ikaenda nyuma, ikarudi.

Puf.

Nikavuta tena. Puf. Kama mtu anayepiga mto wa kulalia.

Gunia likasema, "Thaddée, funga mulango, mvua inaingia."

Alikuwa Gauthier. Amejifunika gunia tupu kwa sababu bati linavuja, mkononi ana mwavuli wa dada yake. Hapo ndipo anapopotelea kila siku! Ametandika kitanda nyuma ya chumvi, na godoro, na redio. Alikuwa anacheka. Kisha mwanga wa radi ukaingia, akaona nilichoshika na kilikoelekea. Akaacha kucheka. Akakaa chini kwenye maji, pole pole, kama nguo iliyoanguka kutoka kwenye kamba.

Mimi pia nilikaa. Tulikaa hapo wote wawili majini mpaka Mama alipotuita.

Alhamisi, 14 Machi

Mama hakupiga kelele. Ningependa apige kelele.

Aliagiza nimwonyeshe. Nikafungua fundo la Tunda, ilichukua muda. Kile kipande cha raba kilikuwa na alama katikati, kama jino dogo lilikiuma. Alama mbili. Mama akakishika kwenye kiganja. Akataja majina, kwa sauti ya chini, ya kaka zake na baba yake, wale waliokufa mwaka ule ambao hauongelei. Akafika kwa Gauthier akashindwa kulitaja. Akakibusu kile kipande cha kandambili. Kandambili yangu! Imepita Tunda na kurudi.

Kisha akanipiga kofi. Kisha akanikumbatia. Kisha akanivua mkanda. Kwa mpangilio huo.

Ajida Okito amekuja kuzichukua bastola zake zote mbili. Mama amemwambia hataki ya sekirite, hataki ya kushusha, na karatasi ya muhuri atairudisha. Ajida alipoelezwa alicheka mpaka akatafuta mahali pa kukaa, akakaa kwenye kiti changu. Machozi yakimtoka. Akasema tangu aanze kazi ya silaha hajaona aina hiyo ya tatu. Aliomba apewe raba akawaonyeshe wenzake. Mama amekataa, ameiweka ndani ya Biblia.

Aina ya tatu! Ajida mwenyewe amesema. Nimemuuliza kama watu wa viwanda wangependa kuijua. Akanijibu nipeleke Kinshasa haraka kabla mtu hajaniibia wazo. Alikuwa bado anacheka kidogo, lakini nadhani ni furaha.

Nina kandambili ya kulia bado.

Jumatano, 20 Machi

Sumaili amerudi. Amekonda, amefunga Ramadhani barabarani, mgongo umepinda kama nilivyosema. Nilidhani nitafurahi. Alikuwa amekwisha kusikia yote kabla hajaegesha velo. Hakunicheka. Akaniita kando, akaniambia nimshukuru Mungu, halafu akaongeza kwamba kama yule wa depo angekuwa mwizi kweli mwenye panga, ningezikwa na kandambili mkononi. Nikamwambia kama yeye ndiye angekuwa mlinzi, leo tungekuwa kwenye msiba wa Gauthier. Wote tulikuwa na haki, na hilo halikutusaidia kitu.

Akasema ile raba kwenye mteremko wa Kibombo ilimwokoa. Velo ilitaka kumpeleka bondeni. Akanipa mkono.

Kisha akapita, akakaa kwenye kiti cha buluu, akafumba macho. Mama amemrudishia. Filimbi pia. Velo imeegemea ukuta, imekwisha kupakiwa. Kesho asubuhi ni mimi.

Ijumaa, 22 Machi

Sijaondoka! Jana njia ya Kibombo ilikatwa na maji, tunangoja. Na leo, habari.

Mama hawezi kulala, depo haina bastola. Amepata shauri lingine. Mfanyabiashara mmoja ameleta mbwa wawili kwa boti, mmoja achaguliwe, atakaa mlangoni, na mlinzi atakuwa yule anayemmudu. Wa kwanza ni wa rangi ya udongo. Anabweka kwa kila kitu, kwa kuku, kwa upepo, lakini haumi. Wa pili ni mweusi. Habweki kabisa. Anakutazama. Mwenye mbwa alisema akiamua, anauma tu, hakuna onyo, na mkono wake umefungwa bandeji.

Sumaili hataki kuwagusa, ana swala zake na udhu wake. Gauthier amepanda juu ya magunia. Mama akasimama uani, mahali pale pale, akauliza nani kati yetu anajua mambo ya mbwa.

Nilitazama velo. Nilitazama kiti, mguu wake uliofungwa kwa mpira.

Nilisema, "Mama, mbwa ninawajua tangu vita."

Ukweli, kwa kuwa hapa niko peke yangu: vita vizima nilikutana na mbwa mmoja tu. Alikuwa ndani ya sufuria, na waliniambia ni mbuzi.

Kesho naanza na yule mweusi. Kandambili ya kulia nimekwisha kuikata. Itamtosha mdomoni.